Bamia zile zile, sufuria ile ile: kwa nini za mama mkwe hazitelezi na zangu zinavutika?

#1 SufuriaNyeusi
Wakuu, naombeni msaada kabla sijaachana na hii mboga moja kwa moja.

Mama mkwe yupo kwangu wiki ya pili sasa. Juzi nimepika bamia. Mezani hakusema kitu. Alichota kijiko, akakiinua, ute ukafuata kutoka bakulini mpaka usawa wa kidevu chake, akatulia kuusubiri ukatike. Haukukatika. Akauzungusha kwenye kijiko kama fundi anayekunja uzi, akala. "Ahsante mwanangu." Basi.

Jana akaomba apike yeye. Bamia zile zile zilizobaki, sufuria ile ile, jiko lile lile. Zimetoka kavu, kijani, kila kipande kinajitegemea. Nikamuuliza siri ni nini. Akanijibu: "Bamia haitaki maneno." Usiku mzima naligeuza hilo neno kichwani.

Mimi naosha, nakata, nasuuza tena ili ute utoke, naunga kitunguu, natia bamia, maji kidogo, nafunika. Nakosea wapi?

#2 Upawa
"Nakata, nasuuza tena." Hapo hapo. Uzi ufungwe.

#3 Kitunguu Maji
Usifungwe, ndiyo kwanza nimevuta kiti.

#4 Bi Shughuli
Pole dada. Upawa kasema kweli ila kasema kwa mkato kama kawaida yake. Bamia unaosha ikiwa nzima, unaifuta na kitambaa moja moja, unaiacha ikauke. Ndipo unakata. Na kisu nacho kikavu, ubao mkavu, mikono mikavu. Mimi naosha asubuhi, napika jioni. Ukikata bamia ina maji mgongoni utaona kisu kinaanza kunata kabla hujafika bamia ya tatu.

Na huo mfuniko dada yangu, uweke mbali kabisa.

#5 SufuriaNyeusi
Ahsante Bi Shughuli. Ila mimi ni kaka. Mke wangu yupo zamu za usiku, jikoni ni mimi.

#6 Bi Shughuli
Yesu na Maria. Nisamehe mwanangu. Basi mama mkwe wako ana mkwe wa maana, hata kama bamia zinavutika.

#7 Kinoo
Kwa hiyo mama mkwe kala bamia za mkwe wake wa kiume, ute ukafika kidevuni, na akasema ahsante. Huyo mama apewe heshima zake. Wangu angepiga simu ukoo mzima.

#8 Tone la Siki
Mmeacha la muhimu. Ndimu! Au siki, au ukwaju, au nyanya zilizoiva sana. Kitu chochote kichachu kinaukata ute. Mimi nikishakata bamia nazikamulia ndimu moja, naacha dakika kama ishirini, nazikaanga. Sijawahi kuona uzi hata mmoja. Mleta mada hujataja nyanya wala ndimu popote, umepika kitunguu na maji. Ulitegemea nini?

#9 Mzani
Ngoja niongezee kidogo, kazi yangu inahusiana na haya mambo.

Ule ute ni sukari ndefu ndefu zilizosokotana (polisakaraidi) pamoja na protini kiasi. Sifa yake kubwa ni kupenda maji. Zikikutana nayo zinavimba, ndiyo ule mvutiko. Kwa hiyo SufuriaNyeusi uliposuuza baada ya kukata hukuutoa ute, uliunywesha. Ukaongeza maji sufuriani, ukaunywesha tena. Ukafunika, mvuke ukagonga mfuniko na kurudi chini matone matone, ukaunywesha mara ya tatu.

Tone la Siki yuko sawa kuhusu uchachu: ukitia asidi, uzito wa ute unashuka. Magadi ni kinyume chake. Magadi yanafanya bamia ibaki kijani ya kung'aa, lakini inarojeka na ute unakaa pale pale, mzito.

#10 Kitunguu Maji
"Ukaunywesha mara ya tatu." Nimecheka mpaka bosi kageuka.

#11 Kipara wa Jikoni
Chumvi jamani. Kata, nyunyiza chumvi, acha nusu saa. Inatoka maji na ute vyote, unamwaga, unafuta, unakaanga.

#12 Bi Shughuli
Kipara hapana. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya bamia. Ukiiweka mapema unapata bwawa. Chumvi ya bamia ni ya mwisho kabisa, ukiwa umeshazima jiko.

#13 Kipara wa Jikoni
Mama, si nimesema bwawa lenyewe unalimwaga? Shida inakuja ukitia chumvi mapema *ndani ya sufuria*. Nje ya sufuria ni jambo jingine.

#14 Bi Shughuli
Na bamia zako zinabaki na nini, ngozi?

#15 Mkaa Mbichi
Mimi nasimama upande wa pili na najua nitapigwa mawe. Huo ute ndiyo bamia. Mnatafuta bamia isiyoteleza, si mle maharage mabichi? Mimi nachemsha, napekecha mpaka ishikane, nakula inateleza yenyewe kooni bila kutafunwa. Mtu akiumwa koo ndiyo chakula pekee kinachopita. Mnaoukimbia ute mnakimbia nusu ya mboga mliyoilipia.

#16 Upawa
Mkaa Mbichi alikuja kwenye uzi wa mayai akasema anapenda yasiyoiva. Tumvumilie.

#17 Mkaa Mbichi
Na nitarudi kwenye uzi wa ini.

#18 SufuriaNyeusi
Jamani mbona kila mmoja ana lake. Mpaka sasa nimeambiwa: nikaushe, nisifunike, nitie ndimu, nitie chumvi mapema, nisitie chumvi mapema, nihame upande. Na mama mkwe hakutia ndimu. Nilisimama nyuma yake, nimeona kwa macho. Nyanya alitia moja tu, tena mwishoni.

#19 Mzani
Aliweka kwenye mafuta kwanza?

#20 SufuriaNyeusi
Ndiyo. Mafuta yalikuwa ya moto sana, nilidhani anataka kuunguza nyumba. Akamwaga bamia, akatikisa sufuria mara moja, akaenda kuketi. Hakugusa mwiko. Mimi ndiye niliyekuwa nataka kukoroga, akanishika mkono.

#21 Upawa
Sasa ndiyo tumepata. Tatizo lako ni mwiko. Wewe unakoroga. Kila ukikoroga unapasua vipande, mbegu zinatoka, ute unatoka nao. "Bamia haitaki maneno" maana yake usiisumbue.

#22 Kinoo
Sidhani. Mimi naona alimaanisha maneno maneno. Mimi siku pekee niliyotoa bamia kavu nilikuwa nimekaza akili jikoni. Siku nyingine zote naongea na simu. Unageuka tu kusema "enhee, halafu?" ukirudi ni gundi.

#23 Kitunguu Maji
Mimi kinyume. Siku niliyokuwa kwenye simu ndiyo siku pekee hazikuteleza. Ziliungua.

#24 Dada Jembe
Nimechelewa, salamu kwa wote. Naona hakuna aliyeuliza bamia zenyewe zilikuwaje. Mimi nalima kwenye ndoo, najua kidogo.

Ua la bamia ni la njano, moyo wake una zambarau iliyokolea, linachanua siku moja tu na kunyauka. Kuanzia hapo una siku nne mpaka sita za kuvuna. Ukipitisha, ganda linakuwa na nyuzi, na ukizidi kupitisha linakuwa kuni. Mwaka jana nilisafiri wiki moja, niliporudi nikakuta pembe za mbuzi. Moja niliifanya kigingi cha nyanya, sitanii.

Ukinunua, vunja ncha kwa kidole gumba. Ikikatika "tak!" ni changa. Ikijipinda bila kukatika iache hapo hapo. Bamia kubwa inataka ikae jikoni muda mrefu ilainike, na kadiri unavyoisubiri ndivyo ute unavyotoka. Kwa hiyo kosa la mleta uzi lilianza kabla hajafika jikoni.

#25 Upawa
Dada Jembe, kasema bamia zile zile. Mama mkwe alitumia zilizobaki.

#26 Dada Jembe
Zilizobaki baada ya yeye kuchagua zipi? Mtu akichota bila kuangalia anachukua kubwa kwanza. Mama mkwe kaachiwa ndogo.

#27 SufuriaNyeusi
…kweli nilichukua kubwa kwanza.

#28 Kinoo
Kesi imegeuka.

#29 Mzani
Na zilizobaki zilikaa wapi siku hiyo moja? Nje au kwenye friji?

#30 SufuriaNyeusi
Nje, kwenye ungo, dirishani.

#31 Mzani
Basi zilikauka siku nzima. Zako ulizipika zikiwa mbichi na maji yake. Hiyo nayo ni sababu. Na friji hazikuhitaji sana: bamia ni ya kutoka nchi za joto, baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi inaiumiza, inatoa madoa na mashimo mashimo. Ukilazimika, ifunge kwenye karatasi kavu na uitumie ndani ya siku mbili tatu.

#32 Tone la Siki
Ina maana mimi na ndimu zangu tumesahaulika?

#33 Bi Shughuli
Hujasahaulika mwanangu, ila si kila mtu anataka bamia chachu.

#34 Mpishi wa Zamu
Kuna kitu kimoja hamjakigusa: ukubwa wa chombo. Kazini napikia watu wengi, nimejifunza kwa aibu. Ukijaza kikaango, bamia hazikaangiki, zinachemshana. Ya juu inamtolea mvuke ya chini. Kaanga kidogo kidogo, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mzunguko toa uweke pembeni. Mchuzi unaupika peke yake mpaka uive kabisa. Bamia zinaingia mwisho, dakika mbili, unazima.

Na mkitaka kuzipika nzima, ile kofia ichongeni kwa mzunguko kama mnavyochonga penseli, msitoboe ndani. Isipotobolewa, ute unabaki kwake.

Za kugandisha ni hadithi nyingine. Barafu imeshapasua kila kitu ndani, ukiziacha ziyeyuke mezani unapata uji. Zitoke kwenye friza ziingie kwenye mafuta, basi.

#35 Kitunguu Maji
Nimejaribu hiyo ya mwisho. Barafu kwenye mafuta ya moto. Nina kovu.

#36 Mpishi wa Zamu
Nilipaswa kusema ukung'ute barafu kwanza. Pole mkuu.

#37 Ndizi Moja
Mnahangaika kuuondoa ute wakati watu wanautafuta. Kata bamia nne, loweka usiku kwenye glasi, kunywa asubuhi. Sukari inashuka. Shangazi yangu ameacha dawa.

#38 Mzani
Ndizi Moja, mrudishe shangazi kwenye dawa leo hii.

Kuna utafiti wa panya ulichapishwa 2011: bamia ilipunguza kasi ya sukari kuingia mwilini, hapo mtafurahi. Lakini utafiti huo huo ulikuta inazuia pia metformini, dawa ya kisukari, isifyonzwe vizuri. Maana yake mtu anayemeza dawa na kushushia na maji ya bamia anaweza kuwa anaifuta dawa yenyewe. Panya si watu, ila si jambo la kuchezea. Na wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, waseme na daktari wao kabla ya kuanza kunywa glasi glasi, bamia ina vitamini K, ambayo inasaidia damu kuganda. Kula kama mboga ni tofauti na kuifanya dawa.

#39 Ndizi Moja
Hajaacha kabisa. Amepunguza. Sawa, anameza zote, nilitia chumvi kidogo.

#40 Kipara wa Jikoni
Ulitia chumvi mapema, ndiyo maana umetoa maji.

#41 Bi Shughuli
Kipara leo umenifurahisha, nakusamehe lile bwawa.

#42 Mkaa Mbichi
Swali nje ya mada. Bamia yangu ikikaa kwenye sufuria ya chuma inakuwa nyeusi kama wino. Ni sumu?

#43 Mzani
Hapana, ni tanini za kwenye bamia zinakutana na madini ya chuma. Inachukiza macho tu. Tumia isiyoshika kutu, au iliyopakwa enameli.

#44 Upawa
Kumbe jina la mleta uzi ndiyo jibu lenyewe. SufuriaNyeusi.

#45 Kinoo
Na mimi nina la nje ya mada. Hivi mnajua neno "okra" la Kiingereza linatokana na Kiigbo, lugha ya Nigeria? Na "gumbo", ule mchuzi maarufu wa Louisiana kule Marekani, jina linasemwa limetoka kwenye lugha za Kibantu za Angola, "kingombo", yaani bamia. Sisi tuliobaki nyumbani na Kibantu chetu tukachukua neno la Waarabu. Gumbo kwa hiyo ni mchuzi wa bamia kwa jina na kwa asili.

#46 Mpishi wa Zamu
Kwa jina sawa, kwa sufuria si lazima. Kuna gumbo haina bamia hata moja, wanaifanya nzito kwa unga wa majani ya mti wa sasafrasi, au unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta. Ila ile ya bamia wanautaka ute, ndiyo unaoshika mchuzi. Mkaa Mbichi ana ndugu huko.

#47 Mkaa Mbichi
Nilijua siko peke yangu duniani.

#48 Dada Jembe
Kinoo, asili yenyewe bado ina ubishi. Wapo wanaosema Ethiopia, wapo wa Afrika Magharibi, wapo wa Asia Kusini. Lisilo na ubishi ni ukoo wake: ni ndugu wa pamba, choya na kakao. Ukiangalia ua la choya na la bamia unaona kabisa ni mtu na binamu yake.

Na wanaovuna wavae mikono mirefu. Ule muwasho ni vinywele vya bamia. Mimi nilivuna asubuhi, nikajikuna jicho, nikaenda kwenye kikao jicho moja limefumba. Watu walidhani nimelia.

#49 Kitunguu Maji
Mbegu zilizokomaa mnafanyia nini? Nina ndoo mbili.

#50 Dada Jembe
Panda. Au kaanga, saga, unywe kama kahawa. Wamarekani wa kusini walifanya hivyo wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, kahawa ilipoadimika. Nilijaribu. Harufu nzuri. Ladha… ilikuwa vita.

#51 SufuriaNyeusi
Narudi na ripoti. Leo nimepika mafungu matatu, bamia ndogo tupu, zote nilizifuta jana usiku na kuzilaza kwenye ungo.

La kwanza: mafuta ya moto, sijakoroga, sijafunika. La pili: hivyo hivyo lakini nikakamulia ndimu kabla. La tatu: chumvi ya Kipara, nusu saa, nikamwaga bwawa (kweli ni bwawa), nikakaanga.

La kwanza likatoka vizuri kabisa. La pili vizuri, chachu kidogo. La tatu lilikuwa linaendelea vizuri pia, gesi ikakata. Nikafunika ili lisipoe nikikimbilia mtungi mwingine. Niliporudi mama mkwe ameshalifunua, ameshalitikisa, ameshaketi. Kwa hiyo la tatu sijui ni la Kipara au ni la mama.

#52 Kipara wa Jikoni
Ni la Kipara.

#53 Upawa
Yote matatu hukukoroga. Nimemaliza.

#54 Dada Jembe
Yote matatu ni bamia ndogo. Na mimi nimemaliza.

#55 Bi Shughuli
Yote matatu ulizifuta. Mwanangu, ulimuuliza mama alimaanisha nini na yale maneno?

#56 SufuriaNyeusi
Nilimuuliza. Akacheka. Akasema siku ile nilipokuwa napika mara ya kwanza niliongea mfululizo, namweleza kazi, barabara, bei ya vitu, nikawa nakoroga kwa kila sentensi. Nadhani nilikuwa na woga. Kwa hiyo Upawa na Kinoo mgawane.

#57 Kinoo
Nachukua asilimia sitini.

#58 SufuriaNyeusi
Kuna jingine. Mke wangu karudi zamu saa moja asubuhi, nimemwekea sahani ya fungu la kwanza, nimejivuna kama jogoo. Kala vijiko viwili, kaniangalia. "Zile zako za kuvutika zimeisha?" Kumbe miaka minne yote anazipenda vile vile, alikuwa haleti neno kwa sababu alidhani ndivyo ninavyozipika kwa makusudi. Mama yake kacheka mpaka kakohoa.

Wakuu, kuna njia ya kuurudisha ute?

#59 Mkaa Mbichi
Karibu nyumbani, kaka.

#60 Mzani
Magadi. Na ufunike.